Nchi zilizokataa mkataba wa wakimbizi bado hufungwa na sheria

MKATABA wa Umoja wa Mataifa kuhusu wakimbizi ulipitishwa jijini Geneva mnamo Julai 28, 1951. Karibu mataifa 150 yameuridhia au yameridhia itifaki yake ya 1967. Kenya ilijiunga mwaka wa 1966.

Hata hivyo, baadhi ya nchi ambazo zimepokea wakimbizi wengi hazimo katika orodha hiyo. Miongoni mwazo ni Bangladesh, India, Pakistan, Jordan na Lebanon. Je, nchi hizo zina uhuru wa kumfukuza mkimbizi zipendavyo?

Mahakama Kuu ya Bangladesh ilijibu swali hilo Mei 2017. Mbele yake kulikuwa na kesi ya Mrohingya kutoka Myanmar aliyefungwa miaka mitano mnamo 2007 kwa kuingia nchini bila kibali, kisha akaendelea kuzuiliwa gerezani muda mrefu baada ya kumaliza kifungo chake.

Mahakama iliagiza aachiliwe. Ilisema kuwa ingawa Bangladesh haijaridhia mkataba wa 1951, kanuni inayokataza mtu kurudishwa mahali ambapo maisha yake yamo hatarini imekuwa desturi ya kimataifa inayoyafunga mataifa yote. Isitoshe, Bangladesh imeridhia mkataba dhidi ya mateso, ambao pia unakataza jambo hilo.

Miezi mitatu baadaye, jeshi la Myanmar lilishambulia vijiji vya Warohingya. Zaidi ya watu 700,000 walivuka mpaka na kukimbilia wilaya ya Cox's Bazar, ambako walipewa hifadhi.

Nchini India, kinga hutokana na katiba. Mwaka wa 1996, Mahakama ya Juu Zaidi iliagiza jimbo la Arunachal Pradesh kuwalinda watu wa jamii ya Chakma waliotishiwa kufurushwa, ikisema kifungu cha 21 hulinda uhai wa kila mtu, awe raia au mgeni. Lakini Aprili 2021, mahakama iyo hiyo ilikataa kuzuia kurudishwa kwa Warohingya waliozuiliwa Jammu, mradi utaratibu wa kisheria ufuatwe.

Jordan nayo ilitia saini makubaliano na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR) mwaka wa 1998. Nchi hizi pia huketi katika kamati tendaji ya shirika hilo, ambako kanuni za kuwalinda wakimbizi hujadiliwa.

Mkataba pekee hautoshi. Serikali ya Kenya, licha ya kuuridhia, ilitangaza mwaka wa 2016 kwamba ingefunga kambi ya Dadaab. Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo Februari 2017.

Tofauti hujitokeza katika maisha ya kila siku. Mkataba wa 1951 umeandika haki za mkimbizi kuhusu elimu, kazi na stakabadhi. Bangladesh haiwaiti Warohingya wakimbizi, bali raia wa Myanmar waliohamishwa kwa nguvu, na haijawapa haki ya kuajiriwa.

Hivyo basi, asiyetia saini bado hukatazwa kumrudisha mkimbizi kwenye hatari. Lakini shule, kazi na vitambulisho hubaki kuwa hisani ya mwenyeji, na hisani yaweza kuondolewa wakati wowote.