Pikapu ya Kazi na Pikapu ya Mbio

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Leo nataka tuipime methali hiyo kwa magari mawili ya Marekani, yote pikapu, yaliyopishana kwa miaka 43.

La kwanza ni Ford F-1, lililotoka mwaka 1948. Wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya magari viligeuzwa kutengeneza zana za jeshi, na vita vilipokwisha mwaka 1945 wakulima na mafundi walikuwa wamebaki na magari yaliyochakaa. Walihitaji chombo cha kazi. F-1 la silinda sita lilikuwa na nguvu za farasi 95, na lilikadiriwa kubeba nusu tani ya Kimarekani, yaani kama kilo 450. Kwa vipimo vyetu hayo ni magunia manne ya mahindi na ushei. Mwendo wake ulikuwa wa taratibu, na mkulima hakulinunua ili ashindane na mtu.

La pili ni GMC Syclone la mwaka 1991. Nalo lilikuwa la silinda sita, ila injini yake ya lita 4.3 ilifungwa turbo, ikatoa nguvu za farasi 280, na magurudumu yote manne yakisukuma. Lilianza kusimama, na kabla sekunde sita hazijaisha lilikuwa kwenye kilomita 97 kwa saa. Mwaka huohuo jarida la Car and Driver lililishindanisha na Ferrari 348 katika mbio za robo maili. Ferrari ikashindwa na gari la mizigo!

Sasa tuulize swali la mwenye duka: linabeba nini? Watengenezaji wenyewe walionya lisipakiwe zaidi ya ratili 500, kama kilo 227, wala lisipelekwe njia mbovu. Lilikuwa limeshushwa karibu na ardhi na kuvalishwa tairi za lami. Nguvu zilikaribia mara tatu, mzigo ukapungua kwa nusu. Magunia mawili, basi.

Siwalaumu mafundi wake. Breki zake, zilizozuia magurudumu yote manne yasikwame, dereva wa mwaka 1948 angezionea wivu. Kosa ni letu wanunuzi, tunapohesabu farasi tukasahau kuuliza kazi. Ni wangapi hapa mjini waliokopa wakanunua gari la kupendeza macho, kisha wakakodi mkokoteni wa kubebea saruji?

Syclone halikufika hata magari 3,000, likakoma. Ukoo wa F ungali unatengenezwa hadi leo. Magari yote mawili sasa hutunzwa na wapenzi wa magari ya zamani, yamesuguliwa yanang'aa, hayapakiwi kitu. Lakini moja lilistaafu baada ya kazi.

Ndugu msikilizaji, kabla hujatoa fedha zako, pima mzigo wako kwanza. Kwaheri hadi wiki ijayo.