Mashine Ambayo Hatuna, Kazi Yake Inafanywa na Nani?

Leo ni zamu ya historia. Lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Hizo tumezisoma, na nyingine tumezikimbia wenyewe. Leo tuingie jikoni: tuzungumze juu ya ndoo, chumvi, muhogo na moto.

Mada hii imetoka kwenye maneno tunayosikia kila siku. Jamaa amepelekwa Marekani, baada ya wiki mbili anatuma picha: friji imesimama kama kabati la nguo, mashine ya kufulia inazunguka yenyewe, jiko halina moshi. Sisi huku tunaangalia simu tunasema, "Huku hatuna kitu." Ni kweli hatuna. Lakini ona, samaki wanahifadhiwa, nguo zinafuliwa, unga unapatikana, maji yanafika nyumbani. Yaani kazi zote zinafanyika. Sasa swali langu ni hili: kama mashine haipo, kazi yake inafanywa na nani, na inamgharimu nini?

MASHINE ZENYEWE NI ZA JUZI

Wengi wetu tunadhani wazungu walizaliwa na friji. Hapana. Friji ya umeme ya nyumbani ilianza kuuzwa kwa wingi Marekani katika miaka ya 1920, tena kwa watu wa mjini wenye uwezo. Mwaka 1935, kati ya mashamba 10 ya Marekani, karibu 9 hayakuwa na umeme. Mama wa shamba alichota maji kisimani, akayachemsha kwa kuni, akafua kwa mikono, halafu akapiga pasi kwa chuma kizito kilichopashwa moto juu ya jiko. Mwaka huo serikali iliunda idara maalumu ya kupeleka umeme vijijini, na 1936 ikapitishwa sheria ya kuwakopesha wanavijiji pesa za kuvuta nyaya.

Kwa hiyo mtu akikuambia maisha haya ni ya watu walioachwa nyuma kwa sababu ya akili zao, mwambie asome kidogo. Bibi wa huyo mzungu aliishi hivihivi. Kilichokuja kubadilisha ni waya, bomba na mkopo.

BIDONI LA MAJI

Tuanze na kitu ambacho kila nyumba ya mkimbizi inacho. Wakongo tunasema bidoni, Watanzania wanasema dumu au galoni, Uganda na Kenya utasikia jerikeni. Hilo jina la jerikeni lina historia. Jeshi la Ujerumani ndilo lililotengeneza kopo la chuma la lita 20 kwa ajili ya petroli katika miaka ya 1930. Lilikuwa na mishikio mitatu, ili askari mmoja aweze kubeba, au wawili washirikiane. Kwenye Vita Vikuu vya Pili Waingereza na Wamarekani waliliona ni bora kuliko la kwao, wakaliiga. Na kwa kuwa askari wa Uingereza waliwaita Wajerumani kwa jina la utani "Jerry", kopo likaitwa la Jerry. Baadaye likaja la plastiki, likaingia Afrika nzima.

Kabla ya hapo bibi zetu walibeba maji kwa mtungi wa udongo na kibuyu. Mtungi ni mzito hata ukiwa mtupu, na ukijikwaa njiani umepoteza mtungi na maji. Basi bidoni ni maendeleo, tena makubwa. Lakini halikubadilisha uzito wa maji. Lita moja ni kilo moja, zamani na leo.

Tupige hesabu. Mashirika mengi yanalenga lita 20 kwa mtu mmoja kwa siku. Familia ya watu 6 ni lita 120. Hizo ni bidoni 6, kila moja kilo 20. Kwenye nyumba yenye bomba, kazi hiyo inafanywa na pampu, na hakuna anayeifikiria. Kwetu pampu ni msichana wa miaka 12 ambaye kesho ana mtihani.

CHUMVI, JUA NA MOSHI

Ndugu zangu wa Nyarugusu, mnajua kwamba mko mkoa mmoja na moja ya sehemu za kale zaidi za kutengeneza chumvi katika ukanda huu? Ni Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi karibu na pale mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba pale 1967, wakakuta dalili kwamba watu walichemsha chumvi hapo yapata miaka 1,500 iliyopita. Walichota maji yale, wakayachemsha kwenye vyungu mpaka yakakauka, ikabaki chumvi. Kiangazi watu walikuja kutoka mbali, wakapiga kambi, wakachemsha, wakalipa ushuru kwa watawala wa pale, wakaondoka na mizigo yao. Chumvi ya Uvinza ilikwenda Burundi, ikaenda Unyamwezi, ikavuka ziwa mpaka upande wa Kongo.

Kwa nini watu wahangaike hivyo? Ladha, ndiyo. Lakini pia kuhifadhi. Chakula kinaoza kwa sababu vijidudu vinaishi ndani yake, na vijidudu vinahitaji maji. Friji inavipunguza nguvu kwa baridi. Chumvi, jua na moto vinavinyima maji. Moshi nao unaongeza kinga na unafukuza nzi. Njia ni tofauti, lengo moja.

Kwenye Ziwa Tanganyika dagaa (Warundi wanasema indagara, Wakongo ndakala) walivuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa moto, asubuhi wakaanikwa. Jua likiwa kali, siku moja inaweza kutosha. Samaki wakubwa kama migebuka, ambao sisi tunawaita mukeke, walibanikwa kwa moshi. Dagaa mkavu anasafiri wiki nyingi kwenye gunia bila baridi yoyote. Ndiyo maana mtu wa mlimani, asiyewahi kuliona ziwa, alikula samaki wa ziwa.

Ila angalia nyuma ya sifa hizo. Dagaa wanaoanikwa wanataka mtu wa kuwageuza, kuwafukuzia ndege, na kuwakusanya haraka wingu likionekana. Mvua ikinyesha siku mbili, mavuno yanaoza. Chumvi ya Uvinza nayo ilikula kuni nyingi sana. Njia zote hizi zilikuwa na bei, hata kama hakuna aliyeiandika.

MUHOGO: HAPA MUDA NDIYO DAWA

Sehemu hii naomba msome polepole.

Muhogo si mmea wa asili ya Afrika. Ulitoka Amerika ya Kusini, ukaletwa na Wareno katika karne ya 16, ukaenea bonde la Kongo. Muhogo mchungu una sumu ambayo ndani ya mwili inakuwa sianidi. Wazee wetu hawakuwa na maabara, lakini waligundua dawa: uloweke majini siku tatu au nne mpaka ulainike, uumenye, uanike, ndipo uutwange. Sumu inatoka na maji. Hakuna mashine, kuna muda tu.

Sasa angalieni kilichotokea kule magharibi ya Kongo. Upande wa Kwango kuna ugonjwa uitwao konzo. Jina ni la lugha ya Kiyaka, linatokana na miguu iliyofungwa. Daktari mmoja wa wakati wa ukoloni aliuandika mwaka 1938. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, na haiponi tena. Unawapata zaidi watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walieleza sababu moja waliyoiona huko Bandundu. Barabara ya kwenda Kinshasa ilikuwa imetengenezwa vizuri, malori yanakuja, muhogo unauzika haraka. Wanawake wakabanwa na muda, siku tatu za kuloweka zikawa moja. Sumu ikabaki. Na kwa sababu muhogo ulikuwa unauzwa huku nyumbani hakuna samaki wala maharage ya kutosha kuusaidia mwili kuiondoa hiyo sumu, watu wakapooza.

Mimi habari hii inanifundisha jambo kubwa. Zile siku tatu hazikuwa uvivu wala ushamba. Zilikuwa kazi, zilikuwa mashine yenyewe. Ukimnyang'anya muda mtu asiye na mashine, umemnyang'anya mashine yake ya mwisho. Na anayelipa anaweza kuwa mtoto.

MOTO

Mafiga matatu ni jiko la kale kuliko yote. Halina gharama kulijenga, lakini linakula kuni na linajaza moshi machoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kenya ilitoa jiko la makaa lenye bati nje na udongo wa kuchoma ndani. Wazo la kuweka udongo ndani lilitoka Thailand, lakini mafundi wa Nairobi, wale wa kugonga mabati kule Shauri Moyo, ndio waliolifanya litengenezeke na kuuzika. Udongo unashika joto lisikimbie pembeni, hivyo makaa yanapungua kwa theluthi moja au zaidi kuliko kwenye jiko la bati tupu. Mbabula zetu nyingi za leo ni watoto wa jiko lile.

Kwenye makambi habari ya kuni si habari ya jikoni peke yake. Kuni ziko nje ya kambi, na huko nje ndiko dada zetu wanakopigwa, wanakofukuzwa, wanakobakwa. Sihitaji kueleza zaidi, mnaelewa. Kwa hiyo jiko linalopunguza kuni linapunguza safari, na kila safari inayopungua ni hatari inayopungua. Hivyo ndivyo nataka tulipime jiko.

CHUNGU NDANI YA CHUNGU

Mfano wa mwisho ni wa Nigeria. Mwalimu Mohammed Bah Abba alitoka katika familia ya wafinyanzi kaskazini mwa nchi ile. Katika miaka ya 1990 alichukua maarifa ya zamani akayatengeneza upya: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga wenye maji, juu kitambaa kilicholowa. Maji yakipita kwenye udongo na kukauka, yanaondoka na joto, ndani kunapoa. Kwa maelezo yake, bilinganya zilizokuwa zinaharibika baada ya siku tatu zilikaa siku 27. Mwaka 2000 alipewa tuzo ya kimataifa ya Rolex.

Chombo hiki kinapenda hewa kavu. Kakuma kitafanya kazi vizuri kuliko kando ya ziwa msimu wa mvua. Lakini kilichonigusa mimi si bilinganya. Zamani mboga zilikuwa zinaoza, kwa hiyo wasichana walitumwa kuziuza kila siku. Mboga zilipoanza kudumu, baadhi yao wakapata nafasi ya kwenda shule. Vyungu viwili na mchanga vikampa msichana asubuhi yake.

BASI TUSEMEJE?

Kuna watu wanapenda kusifu maisha bila mashine, eti ni maisha ya asili, watu wana nguvu na umoja. Mara nyingi anayesifu si yule anayebeba maji. Wengine wanatuhurumia kana kwamba hatujui kitu. Wote wanakosea. Maarifa tunayo, tena ya miaka mingi. Kinachokosekana ni saa za watu, na hao watu kwa kawaida ni mama na wasichana.

Kwenu wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa: mnapohesabu sufuria na bidoni mlizogawa, hesabuni pia saa. Mgao ukija wa mahindi mazima badala ya unga, familia inauza sehemu ya mahindi ili kulipa mashine ya kusaga, au kuna mtu anashika mchi. Kwenye karatasi chakula ni kilekile. Nyumbani si kilekile.

Na kwenu vijana wa kiume, nikiwemo mimi, msidhani siku umeme ukifika kila kitu kitajisawazisha. Mwanahistoria wa Marekani Ruth Schwartz Cowan alionyesha katika kitabu chake cha 1983 kwamba mashine za kwanza ziliondoa zaidi kazi za wanaume na watoto, kama kupasua kuni na kusaga nafaka. Mama akabaki na zake, na nyingine zikaongezeka, maana nyumba ilitakiwa ing'ae zaidi ya zamani. Mashine haigawi kazi, watu ndio wanaigawa. Na bidoni halina jinsia, mkono wowote unalishika.

Kazi ya wiki hii ni mbili. Ya kwanza, kaa na mama, bibi au jirani mzee, muulize nyumbani kwao walihifadhi vipi samaki, nyama, mbegu na maji. Rekodi sauti yake kwa lugha yake, Kibembe, Kifuliiru, Kirundi, yoyote ile. Akiondoka bila kurekodiwa, yameondoka naye. Ya pili, siku moja tu, andika nani nyumbani kwenu amefanya kazi gani na kwa saa ngapi, kuanzia alfajiri mpaka kulala. Usibadilishe kitu, andika ulichoona. Tuletee hapa kwenye kikundi, tulinganishe kambi kwa kambi.