Majina ya Mitaa ya York na Mafunzo Yake Kwetu



Mhariri wa kitabu chetu cha mwaka ameniomba niandike juu ya historia ya nchi hii tuliyohamia. Nimechagua jambo dogo ambalo kila mmoja wetu hulipita kila siku bila ya kulitazama, nalo ni majina ya mitaa. Nimesomesha historia miaka mingi, kwetu na huku, na nimeona kwamba kibao cha njia ni shahidi mzuri sana, lakini kwa sharti uijue lugha anayotolea ushahidi wake. Mji nitakaoutolea mfano ni York, ulioko kaskazini ya Uingereza.

Mji huu uliasisiwa na Warumi mwaka 71, wakauita Eboracum. Baada ya Warumi wakaja Waingereza wa kale, nao wakauita Eoforwic. Mwaka 866 ukatekwa na Waviking, watu wa Skandinavia waliokuja kwa vyombo vya bahari. Wao wakautamka Jorvik, na katika ndimi za watu jina hilo likaja kuwa York. Mfalme wao wa mwisho, Eric, alifukuzwa mwaka 954. Basi tangu kuuteka mji mpaka kuondolewa haikutimia miaka 100, ama maneno yao yangali kwenye kuta za mji mpaka hivi leo.

Mgeni anayefika York hustaajabu kuona mitaa mingi ikimalizikia na neno "gate", akatafuta lango asilione. Neno hili silo geti tulijualo. Limetokana na "gata", na maana yake kwa lugha ya Waviking ni njia. Malango yenyewe ya ukuta wa mji huitwa "bar", kama vile Bootham Bar na Monk Bar. Kwa hiyo Micklegate ni njia kuu, Skeldergate ni njia ya mafundi wa ngao, na Goodramgate ni njia iliyopewa jina la mtu aliyeitwa Guthrum. Stonegate ni njia ya mawe, nayo inafuata barabara ya Warumi iliyo chini yake.

Jina linalonipendeza kuliko yote ni Coppergate. Anayejua Kiingereza cha leo tu atasema bila ya kusita kwamba huu ni mtaa wa shaba. Sivyo. Asili yake ni neno la Kiviking la mafundi wa vikombe, yaani watu waliokereza vikombe na mabakuli ya mbao. Wataalamu walipochimba hapo kuanzia mwaka 1976 hadi 1981 walikuta mabakuli hayo pamoja na vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kerezo. Jina lilikuwa limesema kweli kwa miaka elfu, ila wasikilizaji wake walikuwa wamekwisha kuisahau lugha.

Mtaa wa Shambles nao umetokana na neno la Kiingereza cha kale la meza na mbao za kuwekea nyama, kwani ulikuwa mtaa wa wauza nyama. Mwaka 1872 mlikuwamo mabucha 25. Neno hilo hilo leo kwa Kiingereza maana yake ni vurugu. Kuna na kichochoro ambacho jina lake la zamani lilikuwa la matusi, kwa sababu ya biashara chafu iliyokuwa ikifanywa humo. Watu wa baadaye waliona haya, wakalipinda likawa Grape Lane, kana kwamba ni kichochoro cha zabibu, na zabibu hazina habari nacho.

Sasa nije kwenye jina ambalo sisi wahamiaji hatuna budi kulizingatia. Nje kidogo ya ukuta ipo njia iitwayo Jewbury, na ndani ya jina hilo mna neno "Mayahudi". Jamaa hao walikuwa wakiishi York katika karne ya 12. Mwezi wa Machi mwaka 1190 walishambuliwa, wakakimbilia katika ngome ya mfalme, na hapo wakafa watu wapatao 150, wengi wao kwa kujiua wenyewe ili wasiangukie mikononi mwa maadui. Waliowashambulia walikwenda kanisa kuu, zilikowekwa hati za madeni waliyodaiwa na Mayahudi, wakazitia moto. Baadaye Mayahudi wengine walikaa tena mjini, mpaka mwaka 1290 Mfalme Edward wa Kwanza alipowafukuza wote katika Uingereza. Waliondoka watu, jina likabaki. Mwaka 1983, kabla ya kujengwa duka kubwa mahali hapo, palichimbwa, pakaonekana makaburi karibu 500. Mwaka uliofuata mifupa ilizikwa upya. Ilikuwa ni makaburi ya jamaa wale, pale pale jina lilipoonyesha.

Na sisi je? Watoto wetu waliozaliwa huku husikia wazee wakitaja Darajani na Ng'ambo za Unguja, wakauliza, daraja liko wapi, na ng'ambo ya nini? Hawana makosa. Palikuwa na hori la bahari lililoutenga mji na upande wa pili, na daraja la kuvukia. Hori lilifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, yakabaki majina. Aidha yapo majina yanayonyamaza. Mkunazini ni jina la mti tu, wala halikwambii kwamba hapo palikuwa na soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Hilo nalo lazima tuwaeleze watoto, kwa ukamilifu wake, la fahari na la aibu.

Mafundi wa Coppergate walipata wachimbaji wa kuwatolea ushahidi. Sisi tusingoje kuchimbuliwa. Naomba kila nyumba ikae na wazee wake, iandike majina ya mitaa waliyokulia, maana yake, na nani alikuwa akiishi hapo, kwa Kiswahili chetu. Mhariri amenihakikishia kwamba kitabu cha mwakani kitakuwa na nafasi.