Homa ya Mtoto: Dalili za Hatari Zilijulikanaje?

Mkija kliniki hapa Kehancha na mtoto mwenye homa, kabla hatujamwandikia dawa tunawauliza maswali yale yale. Ananyonya? Anatapika kila kitu? Ameshikwa na degedege? Ukimwita anaamka? Wengine huchoka na maswali hayo, wakaona muuguzi anapoteza wakati ilhali mtoto anaungua. Leo nawaeleza yalikotoka.

Miaka ya 1980 na 1990, homa nyingi zilitibiwa dukani. Mzazi alinunua klorokwini pamoja na sukari na chumvi, akampa mtoto, na mara nyingi homa ilishuka. Haukuwa ujinga: dawa ilikuwa rahisi na zahanati ilikuwa mbali. Shida ni kwamba vimelea vya malaria vilikuwa vinaizoea dawa. Mwaka 1998 serikali ya Kenya iliiacha klorokwini ikachukua dawa za aina ya Fansidar, nazo hazikudumu. Mwaka 2004 ikaamuliwa tutumie dawa ya mseto, ile mnayoiita AL, ikaanza kufika vituoni 2006. Kwa hiyo nyanya akikwambia, "Mbona nyinyi tuliwapa tembe za duka mkapona?", anasema kweli, lakini tembe zile wakati wake umepita.

Sasa twende Pwani, Kilifi. Huko Halima Mwenesi na wenzake waliwauliza akina mama jinsi wanavyotibu homa za watoto, na matokeo yao yakachapishwa 1995. Homa ya kawaida ilihesabiwa ugonjwa mdogo wa kila siku. Degedege lilihesabiwa kitu kingine kabisa, na mtoto wa degedege alipelekwa kwa mganga. Jina lenyewe linatokana na ndege, kwa kuwa watu waliamini ndege ndiye anayemshika mtoto. Tusiwacheke. Hata hapa kwetu utasikia mtoto akitetemeka, jambo la kwanza watu wanauliza ni nani kamtazama vibaya.

Mwaka huo huo 1995, daktari Kevin Marsh na wenzake, waliofanya kazi katika hospitali ya Kilifi, walitoa hesabu ya watoto 1,844 waliolazwa kwa malaria. Watoto 64 walifariki. Kati ya hao, 54 walikuwa na moja ya mambo mawili, au yote mawili: fahamu zimepungua, au wanapumua kwa shida. Fikiria hapo, mama. Dalili hizo mbili hazihitaji darubini wala kipimajoto. Wewe uliye nyumbani saa nane za usiku unaweza kuziona kabla ya daktari yeyote. Lakini kumbuka pia wale 10 waliobaki. Mtoto anaweza kuwa hatarini bila dalili hizo, ndiyo sababu homa isikae nyumbani ikisubiri zionekane.

Katika miaka hiyo hiyo Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitengeneza mwongozo wa kumwangalia mtoto mgonjwa, na maswali yetu ya kliniki yamo humo. Kuhesabu pumzi nako kulitokana na kazi ya daktari Frank Shann na wenzake huko Papua New Guinea. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua kwa dakika nzima. Mwenye umri chini ya miezi 2 akipumua mara 60 au zaidi, wa miezi 2 hadi 11 mara 50 au zaidi, na wa mwaka 1 hadi 5 mara 40 au zaidi, mlete. Mbavu zikibonyea ndani, usihesabu, njoo.

Hiyo ni nimonia mara nyingi, na AL haitibu nimonia. Ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya linataka tupime damu kwanza. Najua kuna mama hukasirika kipimo kikisema hakuna malaria na akanyimwa AL. Akipewa bila kupimwa, ugonjwa wenyewe unabaki kifuani ukiendelea.

Tarehe 13 Septemba 2019 chanjo ya malaria ilizinduliwa Homa Bay, na Migori ilikuwa kati ya kaunti 8 ambazo baadhi ya maeneo yake yalianza nayo. Chanjo inapunguza malaria kali, haiimalizi, wala haigusi nimonia. Kwa hiyo hata mtoto aliyechanjwa, akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, usingoje kupambazuke. Kama ni degedege, mlaze ubavu na usimtie kitu mdomoni. Tafuta pikipiki. Akiweza kumeza, endelea kumnyonyesha njiani, na uje na dawa yoyote uliyokwisha kumpa, hata ile ya duka, tuione.