Farasi, kikapu cha chuma na hataza za uti wa mgongo

Leo tuweke kando Linux na PHP. Nataka tuzungumzie hataza, tena si za programu (hizo zina kelele zake na tutazirudia siku nyingine), bali za vyuma ambavyo madaktari hupandikiza kwenye uti wa mgongo. Kama kazi yako ni kuandika programu, usikimbie. Humu ndani kuna tatizo la utafutaji ambalo utalitambua mara moja.

Kwanza msingi. Ukiomba hataza, mkaguzi huuliza swali moja kabla ya mengine yote: je, jambo hili lilikuwa limeshajulikana? Kila kitu kilichokuwa wazi kwa umma kabla ya ombi lako, iwe ni hataza ya zamani, makala ya jarida, mchoro au kifaa kilichowahi kutumika mbele za watu, ndicho nitakachokiita hapa maarifa tangulizi. Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2001 inahesabu yaliyofichuliwa popote duniani. Marekani walikuwa na utaratibu wa ajabu kidogo: hadi Machi 2013, maandishi ya nchi za nje yalihesabika, lakini jambo lililotumika tu nje ya nchi bila kuandikwa popote halikuhesabika. Daktari angeweza kufanya upasuaji mia moja Ulaya, na kama hakuna aliyeandika, kwa mkaguzi wa Marekani ni kama haukutokea.

Sasa tuingie kwenye mgongo wenyewe. Kati ya pingili moja na nyingine kuna diski, ile kama mto laini. Ikichakaa, daktari anaweza kuamua kuziunganisha pingili mbili ziwe mfupa mmoja. Mwaka 1958 Ralph Cloward, daktari wa Honolulu, alichapisha njia yake ya shingoni: unaingia kutokea mbele, unatoboa shimo la duara katikati ya pingili mbili, kisha unapachika kizibo cha mfupa. Njia ilienea, lakini kizibo cha mfupa kinaweza kupondeka au kuchomoka, na kama mfupa umetolewa kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe, basi ana majeraha mawili badala ya moja.

Anayenivutia zaidi katika historia hii ni George Bagby, daktari wa mifupa wa Spokane, jimbo la Washington. Mwishoni mwa miaka ya 1970 madaktari wa mifugo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington walikuwa wakihangaika na farasi wenye ugonjwa wa kuyumba. Pingili za shingo hubana uti, miguu ya nyuma inakosa mwelekeo, na farasi wa mbio anatembea kama mlevi. Walijaribu njia ya Cloward. Lakini farasi ana kilo mia nne na zaidi, na huwezi kumwambia alale kitandani wiki sita. Bagby, akifanya kazi na daktari wa mifugo Barrie Grant, akatengeneza silinda ya chuma kisichoshika kutu, tupu ndani, yenye matundu ubavuni. Hiyo ndiyo ikaja kuitwa kikapu cha Bagby. Shimo linatobolewa dogo kidogo kuliko kikapu, halafu kikapu kinagongwa kiingie. Pingili zinatanuka, kano zinavutika na kukibana kisitoke. Ndani kinajazwa vipande vya mfupa vilevile vilivyotoka kwenye shimo, ili mfupa mpya uote kupitia matundu. Chuma kinabeba uzito, mfupa unafanya kazi yake taratibu. Hakuna jeraha la pili.

Mimi naona huo ni uhandisi mzuri sana. Na tazama ulivyoandikwa: hataza ya Bagby, iliyoombwa 1981 na kutolewa 1985, jina lake kwa Kiswahili lingekuwa "utaratibu wa kuunganisha viungo vya mifupa". Jina halitaji mgongo, halitaji farasi, halitaji kikapu.

Jiweke basi kwenye viatu vya mtu anayechunguza hataza ya kipandikizi cha mgongo cha miaka iliyofuata. Utaandika maneno gani kwenye kisanduku cha kutafutia? Madaktari wa leo huita kitu hiki kizimba. Wengine watasema kitenganishi, kizibo, silinda, kipandikizi cha kati ya pingili. Wa mifugo wanasema kikapu. Makala ya mwaka 1984 iliyolinganisha aina za mfupa ndani ya vikapu hivyo ilitoka kwenye jarida la utafiti wa mifugo, mahali ambapo daktari wa binadamu hana sababu ya kupitia. Na sheria haijali! Kwa swali la upya, jarida la farasi lina uzito uleule wa jarida la binadamu.

Halafu kuna swali la pili, gumu zaidi: hata kama hakuna aliyefanya jambo lenyewe zima, je, mtaalamu wa kawaida angeweza kuunganisha vipande vilivyokuwepo? Mwaka 1985 Otero-Vich alichapisha kwenye jarida la upasuaji wa neva njia ya kukata hesi kama za skrubu kwenye kizibo cha mfupa, ili kizungushwe kuingia badala ya kugongwa. Kwa hiyo kufikia 1985 mezani kuna silinda tupu ya chuma yenye matundu, na kuna kizibo chenye hesi. Mwaka 1988 Gary Michelson wa California akaomba hataza ya kipandikizi cha mgongo chenye hesi. Je, ni kujumlisha tu moja na moja? Ofisi ya hataza ilisema hapana, na ikampa hataza mwaka 1991. Ukiuliza watu wawili bado utapata majibu matatu. Miaka mingi baadaye, 2007, Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya KSR (iliyohusu pedali za gari, si mifupa) ilirahisisha kusema kwamba muungano fulani ni wa dhahiri.

Pesa zilizokuwa mezani? Mwaka 2001 kampuni ya Medtronic na Michelson waliingia mahakamani wakigombania haki za uvumbuzi wake. Mwaka 2005 waliafikiana, na Medtronic ikakubali kulipa dola bilioni 1.35 kumaliza kesi na kununua rundo la hataza zake. Bagby naye hakubaki kwenye zizi. Pamoja na Stephen Kuslich walitoa kizimba cha binadamu cha titani, safari hii chenye hesi, kilichoitwa BAK kwa herufi za majina yao. Kilipata idhini Marekani mwaka 1996.

Sasa utafutaji wenyewe, maana najua ndio mnaousubiri. Maneno peke yake hayatoshi, mmeshaona. Njia ya kwanza ni namba za uainishaji: diski na vizimba viko A61F 2/44, vyuma vya kushikilia pingili kwa nje viko A61B 17/70. Mkaguzi aliyeweka namba hiyo aliutazama mchoro, hakuishia kwenye jina. Njia ya pili ni marejeo. Kila hataza ya Marekani inataja zilizoitangulia, na hifadhidata inakuonyesha zilizokuja kuitaja. Hiyo ni grafu, jamani! Anza na hataza moja, tembea kurudi nyuma, tembea kwenda mbele, weka alama ulikopita usizunguke, simama hatua ya tatu la sivyo utakesha. Hataza ya Bagby ina viungo vingi mno vinavyoielekea, na ukianzia karibu kizimba chochote cha miaka ya 1990 utaifikia hata kama hujui kwamba farasi walihusika.

Hataza za Marekani za kabla ya 1976 ni picha zilizosomwa na mashine baadaye, na mashine hukosea herufi. Huko tumia namba za uainishaji na macho yako.

Grafu ya hataza lakini ina upofu wake. Berthold Hadra wa Galveston, Texas, alifunga pingili za shingo kwa waya na kuchapisha 1891. Ulf Fernström wa Uswidi aliweka mipira ya chuma mahali pa diski na kuchapisha 1966. Hayo yako kwenye majarida, na ukitafuta kwenye hataza tu utaapa kwamba diski bandia ilianza Berlin Mashariki miaka ya 1980 pale hospitali ya Charité. Mipira ya Fernström mingi ilizama ndani ya mfupa na njia ikaachwa, ila kwa mkaguzi hilo si hoja: kilichoshindwa nacho ni maarifa tangulizi.

Anayetaka kuona mchoro, aandike US4501269A kwenye Google Patents. Na wapenzi wa mbio za farasi: Seattle Slew, bingwa wa mataji matatu ya Marekani mwaka 1977, alifanyiwa upasuaji wa shingo kwa njia ya kikapu mwaka 2000, akiwa na miaka 26.