Jamaa Aliyekufa na "Kibiriti" Kiunoni, Miaka 5,300 Iliyopita

Septemba 19, 1991, watu wawili waliokuwa wakitembea milimani, kwenye mpaka wa Austria na Italia, walikuta maiti imechomoza kwenye barafu. Ilikuwa mwinuko wa mita 3,210 kutoka usawa wa bahari. Wakadhani ni mpanda mlima aliyepotea miaka ya karibuni. Kumbe marehemu alikuwa amelala pale zaidi ya miaka 5,000, tangu kabla piramidi za Giza hazijajengwa!

Jina lake halisi hakuna anayelijua. Dunia imempa la utani tu, Ötzi, kutokana na bonde la Ötztal lililo jirani. Alikuwa mtu wa miaka kama 45, kimo sentimita 160 hivi, na alikuwa na shoka la shaba ambalo ndilo watu hupenda kulizungumzia. Lakini ukitaka kujua huyu mzee aliishije kwenye baridi ile, achana na shoka. Angalia kimkoba cha ngozi alichokuwa amekifunga kiunoni.

Ndani yake kulikuwa na vipande vya gumegume, lile jiwe gumu lililotumika pia kwenye bunduki za zamani, na donge jeusi la kitu laini. Wataalamu walipolichunguza wakakuta ni uyoga. Si wa kula huu, ni ule mgumu unaoota kwenye mashina ya miti, wenye umbo la kwato ya farasi. Na kwenye donge hilo palikuwa na chembe za pairaiti, jiwe lenye chuma na salfa, linalong'aa mpaka wengine hulidhania dhahabu.

Viweke vitu hivyo vitatu pamoja, unapata kibiriti kamili. Gumegume likigongwa na pairaiti hutoa cheche. Ila cheche peke yake haina faida, inazima kabla hujapepesa macho. Ikitua kwenye kijiti, hakuna kitu. Ikitua kwenye jani, hata likiwa kavu, mara nyingi hakuna kitu. Inataka kitu laini na kikavu kabisa, chenye nyuzi nyembamba za kudaka ule moto mdogo na kuushikilia. Nyama ya ndani ya uyoga ule, ikikatwa vipande na kupondwapondwa mpaka ilainike, inaiweza kazi hiyo. Haitoi mwali. Inashika nukta moja nyekundu, nukta inaenea taratibu, kisha mtu anaiweka katikati ya nyasi kavu, anapuliza, moto huo unawaka.

Kwa hiyo kazi kubwa haikuwa ile ya kugonga mawe. Kazi kubwa ilifanyika siku nyingi kabla: kuvuna uyoga, kuuponda, kuukausha na kuulinda usipate unyevu. Aliyesubiri giza liingie ndo aanze kutafuta cha kuwashia, alilala na baridi yake.

Na jamaa hakuishia hapo. Alikuwa na vyombo viwili vya gome la mti, mfano wa makopo. Kimoja kilikuwa cheusi kwa ndani, na kilikuwa na majani yaliyochumwa yakiwa mabichi pamoja na vipande vidogo vya makaa. Maelezo ya wataalamu ni kwamba alikuwa anasafiri na moto wenyewe: kaa linalowaka, limefungwa kwenye majani mabichi, linajila polepole bila kuunguza chombo. Akifika kambini anafungua, anapuliza. Kaa likizimika njiani, kimkoba kipo. Kimkoba kikilowa, kaa lipo. Si mchezo.

Akili hii haikuwa ya Ulaya peke yake. Kiswahili chenyewe kina ushahidi wake. Wazee walikuwa na neno kupekecha moto: kijiti kigumu kiitwacho ulindi kinazungushwa kwa viganja juu ya tundu la kibao laini, wimbombo, mpaka unga wa mbao uanze kufuka moshi. Wahadzabe wa pembeni mwa Ziwa Eyasi wanapekecha hadi leo, na kwa Wamaasai moto wa namna hiyo huwashwa na wazee wakati wa kufungua rika jipya. Unga ule nao unahitaji kitu cha kuupokea. Kinyesi kikavu cha punda au tembo kinafaa sana, maana ni nyasi zilizokwisha kusagwa tayari. Pwani kuna makumbi ya nazi, ambayo hufuka muda mrefu bila kutoa mwali.

Lakini nani apekeche kila jioni? Viganja vitachubuka. Majumbani kaa lilifukiwa kwenye majivu usiku, asubuhi likafukuliwa. Likiwa limezimika, mtoto alitumwa kwa jirani na kigae mkononi, akapalie moto. Ndiyo maana kunyimwa moto na jirani halikuwa jambo dogo. Uliyegombana naye jana, leo unamhitaji ili watoto wale.

Halafu vikaja vibiriti. Mwaka 1827 mfamasia mmoja wa mji wa Stockton-on-Tees, Uingereza, alianza kuuza njiti za kusugua, na baadaye wengine wakaziboresha, zikasambaa duniani. Neno kibiriti tumelitoa kwenye Kiarabu, na maana yake ya asili ni salfa. Salfa hiyohiyo iliyokuwa ndani ya jiwe la yule jamaa wa barafuni.

Yeye baridi haikumkuta hajajiandaa. Mwaka 2001 picha za eksirei zilionyesha kichwa cha mshale wa jiwe ndani ya bega lake la kushoto. Alipigwa kwa nyuma. Aliyemuua hakuchukua shoka wala kimkoba. Maandalizi yote yale, moto wa akiba na akiba ya akiba, yalikuwa ya kupambana na mlima. Binadamu mwenzake ndiye hakumtegemea.

Je, kwenu nani alikuwa wa mwisho kutumwa kwa jirani na kigae kuomba moto? Muulizeni angali hai.