Kisu au Mionzi? Mguu wa Babu na Historia ya Mashine

Mmezoea kunisoma nikiandika kuhusu programu na tarakilishi, lakini leo niruhusuni nianze na mguu wa babu yangu. Msiniache njiani, kwenye tarakilishi tutafika.

Babu aliishi hapa Plateau, nje kidogo ya mji wa Eldoret, akilima mahindi na kufuga ng'ombe. Mwaka 1997 alitokwa na madoa ya rangi ya zambarau kwenye wayo wa kushoto. Hayakumuuma, kwa hiyo akanyamaza. Wazee wetu mnawajua. Madoa yalipogeuka vinundu na mguu ukavimba hadi kiatu kikakataa kuingia, ndipo akakubali kwenda hospitali. Kipande cha ngozi kikapimwa, jibu likaja: saratani ya Kaposi. Daktari wa kwanza alisema mguu ukatwe chini ya goti. Wa pili akatuuliza kama tumefikiria mionzi. Mionzi ilikuwa Nairobi, kilomita 310 hivi kutoka Eldoret.

Ugonjwa huu una jina la Moritz Kaposi, daktari wa Vienna aliyeueleza mwaka 1872 baada ya kuona wagonjwa 5. Huko Ulaya ulikuwa nadra sana, ukiwapata zaidi wanaume wazee. Kwetu Afrika Mashariki ulijulikana zaidi, kiasi kwamba mwaka 1961 wataalamu walikutana Kampala kuujadili, miaka 20 kabla ya UKIMWI kutambuliwa. Virusi vinavyohusika viligunduliwa mwaka 1994 na Yuan Chang na Patrick Moore. UKIMWI uliufanya ugonjwa huu uenee, na kwa wagonjwa hao tiba kuu ni ARV, pamoja na dawa za saratani inapobidi. Babu alikuwa na ile aina ya zamani, ya wazee, isiyohusiana na UKIMWI.

Kwa nini kisu hakifai sana hapa? Kwa sababu Kaposi hutokea mahali pengi kwa mpigo. Ukikata doa moja, mengine yanabaki, na jipya linaweza kuchipuka kando ya kidonda. Mionzi hufunika eneo zima bila kulikata. Huharibu DNA ndani ya seli, na seli za Kaposi ni dhaifu sana mbele yake. Haiahidi kwamba madoa hayatatokea kwingine, lakini pale ilipopigwa uvimbe hupungua na maumivu hutulia.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko nilivyodhani. Wilhelm Röntgen aligundua eksrei Novemba 1895. Mwaka 1899, huko Stockholm, Tor Stenbeck na Tage Sjögren walikuwa tayari wanatibu saratani za ngozi kwa eksrei, na wagonjwa wao huhesabiwa kati ya wa kwanza kupona saratani kwa njia hiyo. Ngozi ilitangulia kwa sababu rahisi: eksrei za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kufika ndani, na daktari aliweza kuona kwa macho yake kama kidonda kinafunga. Mwaka 1951 Kanada ikaanza kutumia mashine za kobalti-60, na hizo ndizo zilizoenea katika nchi nyingi, yetu ikiwemo.

Basi tukauza ng'ombe mmoja, babu akapanda basi la usiku na baba yangu hadi Hospitali ya Kenyatta, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye tiba hiyo. Aliporudi, vinundu vilipungua wiki hadi wiki. Kiatu kikaingia tena.

Sasa tufike kwenye tarakilishi. Kati ya 1985 na 1987, mashine iliyoitwa Therac-25 iliwapiga wagonjwa 6 wa Marekani na Kanada mionzi mingi kupita kiasi. Mmoja wao, mjini Tyler, Texas, Aprili 1986, alikuwa na saratani ya ngozi usoni. Mwendeshaji alikosea herufi moja: alichagua eksrei badala ya elektroni, akasahihisha haraka. Skrini ikaonyesha sahihisho, lakini ndani mashine haikuwa imejipanga upya. Mgonjwa alifariki baada ya wiki 3 hivi. Mashine za awali zilikuwa na vizuizi vya umeme na vyuma vya kuzuia kosa kama hilo. Hii iliachia programu kazi hiyo. Wenzangu wa fani hii, hapo tutulie kidogo. Mimi huandika programu za malipo ya chama cha akiba na mikopo. Nikikosea, pesa hurudishwa.

Lakini programu mbovu si hatari pekee. Mwaka 2016 mashine ya kobalti ya Mulago, Kampala, iliyofanya kazi tangu 1995, iliharibika kabisa. Ndiyo pekee iliyokuwa Uganda nzima. Ilipita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mpya kuanza kazi. Sisi kwenye kompyuta tunajua mfumo unaotegemea kifaa kimoja ni mfumo unaosubiri kuanguka. Na hata mashine nzima huchoka: kobalti-60 hupoteza nusu ya nguvu yake kila baada ya miaka 5.3 hivi, kwa hiyo mgonjwa hulazwa chini yake muda mrefu zaidi hadi kobalti ibadilishwe.

Ndiyo maana nasema hivi: kwa mgonjwa wa kwetu, swali la kisu au mionzi halikujibiwa na elimu ya tiba peke yake. Lilijibiwa pia na nauli, na ng'ombe wa kuuza, na kama mashine iko mzima siku ukifika. Daktari wa kwanza hakuwa mjinga. Alitupa kile alichokuwa nacho karibu.

Leo mionzi inapatikana Eldoret kwenyewe. Kutoka Plateau ni safari ya matatu, ukarudi jioni kukamua. Ukiona doa la ajabu kwenye ngozi lisilopona, usingoje kiatu kikatae. Nenda ukapimwe, na ukiambiwa kukatwa, uliza kama kuna njia nyingine.

Babu alifariki 2006, kwa uzee. Tulimzika na miguu yake yote miwili.

Tukutane wiki ijayo, na tutarudi kwenye programu zetu. Siku njema.